Safu ya Kaya: Maswali ya Masika

Huku Kusini mwa Tanzania mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinaisha Aprili, mwaka mwingine Mei. Mwisho wa msimu ndio wenye vurugu, kwa sababu ardhi imekwisha shiba maji na pepo za Bahari ya Hindi bado hazijatulia. Maswali ya toleo hili ni ya kipindi hicho. Yamejibiwa na mafundi, maofisa ugani na wahudumu wa afya wanaoshirikiana na safu hii.

Shikamooni. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, bati geji 30. Upepo ukitoka baharini, bati la ukingoni linapiga kelele usiku kucha. Mzee ameweka mawe na tairi mbili juu. Kaka yangu anataka kuongeza mawe. Ni sawa? (Msomaji, Mchinga, Lindi)

Marahaba. Mawe yashushwe yote, na mzee aelezwe kwa adabu sababu yake. Upepo mkali hauli paa kwa kulisukuma, unalinyanyua. Ukipita juu unavuta bati, na ule uliopenya chini ya ukingo unalisukuma kutoka ndani. Nguvu hiyo ni kubwa zaidi kwenye kingo na pembe. Jiwe la kilo 10 halizuii bati lililokwisha kuachia. Linaondoka nalo, na likishuka linashukia mtu.

Kelele mnayosikia ina sababu tatu za kawaida: msumari umelegea, msumari ulipigwa bondeni badala ya kwenye mgongo wa bati, au pau chini yake imeoza ama imeliwa na mchwa. Asubuhi isiyo na upepo, bati likiwa kavu, mtu mmoja apande na mwingine ashike ngazi. Gongeni pau kwa kiwiko cha nyundo. Ikitoa sauti ya uvungu, ibadilisheni kabla ya kugusa bati. Msumari uliolegea msiurudishe kwenye tundu lake. Pigeni mwingine pembeni, kwenye mgongo wa wimbi, ukiwa na ringi ya mpira, na tundu la zamani zibeni kwa lami. Pigeni mpaka ringi ikae, bila kubonyeza bati. Ringi iliyopasuka ndiyo inayovujisha mwakani.

Safu za ukingoni, kwenye kofia na pembeni mwa nyumba ziwe na msumari kila baada ya wimbi moja. Katikati mnaweza kuruka mawimbi mawili. Bati na bati zipandane kwa wimbi moja na nusu au mawili, na upande wa juu na chini zipandane inchi 6 hadi 8. Pau zikiachana zaidi ya futi 3, geji 30 itacheza tu hata mkipigilia vipi.

Kosa kubwa zaidi kwa kawaida liko chini ya bati. Kenchi nyingi vijijini zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu. Bati likishikwa vizuri na kenchi isishikwe, paa linaondoka zima. Kila kenchi ifungwe kwenye mwamba, yaani ubao unaolala juu ya ukuta, na mwamba ufungwe kwa waya mnene usioshika kutu unaoshuka ndani ya ukuta angalau futi 2, ukazungushwa kwenye tofali. Waya mwembamba wa kufungia nondo haufai, unakula kutu misimu miwili. Kama ukingo wa paa umetokeza zaidi ya futi moja na nusu bila nguzo, upunguzeni. Paa la baraza nalo lijengwe peke yake chini ya paa kubwa, ili upepo ukilichukua lisivute nyumba.

Fedha zikiwa haba, anzeni na pembe nne na ukingo unaotazama bahari. Usiku wa dharura, viroba viwili vya mchanga, kila kimoja kilo 15 hadi 20, vilivyofungwa kamba moja na kuning'inizwa huku na huku juu ya kofia, ni salama kuliko mawe. Vilale juu ya mstari wa pau.

Mama mkwe anasema maji ya mvua ni safi moja kwa moja kutoka mbinguni. Ya kwetu yana rangi ya chai na harufu. Tunakinga kwenye simtanki la lita 1,000. (Mama wa watoto watatu, Newala)

Mama mkwe ana haki kwa kiasi: yanapoanguka ni safi. Yanachafuka juu ya paa, kwa kinyesi cha ndege na popo, vumbi na majani ya mkorosho. Rangi ya chai hutokana na majani yaliyooza ndani ya gata. Kama sehemu ya paa ni ya nyasi au makuti yaliyochakaa, maji ya upande huo yawe ya kufulia na kumwagilia tu.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 960. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kurukia nje, unabaki na lita 770 hivi. Kwa hiyo huna haja ya kugombania maji ya kwanza. Yaache yaoshe paa: kwa paa hilo, lita 25 za mwanzo zimwagwe, na zaidi kama kulikuwa na jua wiki nzima. Njia rahisi ni kuchomoa bomba la kuingilia na kulirudisha mvua ikishakolea. Ukitaka lijifanye lenyewe, weka tawi la bomba la inchi 4 linaloning'inia kabla ya tangi, limezibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Mita moja ya bomba hilo inabeba karibu lita 8, kwa hiyo mita 3 zinatosha. Likijaa, maji yanayofuata yanapita kwenda tangini. Baada ya kila mvua lifunguliwe, la sivyo mvua inayofuata haina pa kuosha.

Gata ishuke sentimita moja kwa kila mita, isiwe na mahali pa kutuama. Mdomo wa tangi uwekewe wavu wa madirisha uliobana, kwa uchafu na kwa mbu pia. Koki iwe sentimita 5 hadi 10 juu ya kitako cha tangi ili tope lisitoke nalo. Tangi likijaa lina uzito wa tani moja, hivyo likikaa juu ya udongo uliochimbuliwa linainama na kupasuka kwenye unganisho. Jukwaa lishindiliwe kwa kokoto. Na msiliache tupu wakati wa upepo, maana tangi tupu linabingirika mpaka kwa jirani.

Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kweli, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Maji yenye rangi yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kwa sababu uchafu unaimaliza dawa.

Muhogo tulioumenya umekaa siku tano bila jua na umeota ukungu. Nyanya anasema tukwangue tu, tusage. Sisi tunaogopa. (Vijana wa nyumba moja, Nanyamba)

Mna haki ya kuogopa, na sababu ni mbili. Ukungu wa kijani au wa manjano unaweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kukwangua kunaondoa unaoonekana tu, na kuchemsha hakuiondoi sumu. Vipande vilivyoota rangi vitupwe, na visipewe kuku.

Sababu ya pili ni muhogo wenyewe. Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, na kuuanika tu vipande vinene hakuitoi ya kutosha, hata jua likiwepo. Familia iliyoishiwa akiba huharakisha, inasaga makopa yaliyokauka nje na mabichi ndani. Kwa watu wanaokula huo peke yake siku nyingi bila kunde wala dagaa, matokeo yanaweza kuwa konzo. Miguu yote miwili inapooza ghafla na kukakamaa, hasa kwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na haiponi. Mkoa wa Mtwara uliwahi kupata wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo hatuongelei jambo la mbali.

Wakati wa mvua acheni kutegemea jua. Menyeni, katakateni, lowekeni kwenye ndoo au pipa maji yakifunika kabisa, kwa siku tatu mpaka muhogo uwe laini kwa kidole. Mwageni maji hayo mbali na mifugo. Toeni nyuzi za kati, pondeni, tieni kwenye kiroba safi, wekeni jiwe zito juu usiku kucha maji yatoke. Chenga zinazobaki zinakauka haraka kuliko makopa, hata juu ya turubai barazani. Zikishindikana kabisa, zikaangeni kwa moto mdogo kwenye sufuria pana, mkikoroga bila kuacha, mpaka ziwe kavu na nyepesi.

Kwa unga uliokwisha kusagwa kuna njia isiyogharimu chochote. Tieni unga kwenye beseni, usawazisheni, wekeni alama ulipofika. Ongezeni maji kidogokidogo mkichanganya. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acheni. Utandazeni kwenye jamvi au sinia usizidi sentimita moja unene, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Gesi ya sumu inatoka yenyewe. Upikwe siku hiyohiyo, kwa sababu ukilala unachacha. Unene ndio watu wanapokosea: ukiurundika, gesi inabaki katikati.

Nyanya aelezwe kwamba kazi yake ya kuloweka ndiyo inayookoa. Ni haraka ya siku hizi iliyoiharibu.

Mahindi na karanga nazo zipimwe kabla ya kufungwa. Tia mahindi theluthi ya chupa kavu, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika tatu, acha robo saa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Isipogandia, yanafaa kwa muda mfupi. Kama unayafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yaanike siku moja zaidi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au chungu zichambuliwe nje, na wala zisiwe za kutengenezea uji wa mtoto.

Ni kweli kioo kifunikwe radi inapopiga? (Mwanafunzi, Mikindani)

Hapana, kioo hakina kosa. Kinachovuta hatari ni vitu virefu vinavyosimama peke yake, yaani mnazi, mwembe uwanjani, mlingoti wa antena. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, ingieni ndani na mkae mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Nyumba ya udongo na nyasi hailindi kikamilifu, kwa hiyo kaeni katikati, mbali na kuta na nguzo. Chomoeni waya za sola na chaja za simu kabla radi haijakaribia, maana ikishakuwa juu yenu kugusa waya ndiko kubaya zaidi. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, anaweza kushikwa na kusaidiwa mara moja.

Redioni tunasikia "angalizo", "tahadhari", "tahadhari kubwa". Tuanze kuhama kwenye lipi? Sisi ni wavuvi, nyumba iko karibu na pwani. (Baba wa familia, Kilwa Kivinje)

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kwenye njano mnatengeneza, kwenye chungwa mnahamisha watoto, wazee na wagonjwa, kwenye nyekundu asibaki mtu pwani. Kuhama wakati upepo umeshaanza ni hatari kuliko kubaki.

Msidhani vimbunga ni habari za Msumbiji tu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, Aprili 25, 2019, na Mtwara nzima ilikuwa roho juu. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wenu wa Kilwa. Hapo lipo funzo la jikoni: barabara ikikatika maduka yanaisha. Unga, chumvi, dawa za kudumu za shinikizo la damu, kisukari au ARV ziwepo za wiki mbili. Kadi za kliniki, vyeti na hati ya shamba ziingie kwenye nailoni, kisha kwenye dumu la mdomo mpana. Kiberiti kiwe ndani ya chupa yenye kifuniko.

Mkwezi aitwe mapema, siku za angalizo, aangue nazi na kuondoa makuti makavu kwenye minazi iliyo karibu na nyumba. Nazi katika upepo wa kimbunga ni kombora. Mitumbwi na ngalawa zivutwe juu ya alama ya maji ya bamvua, tena juu zaidi, kwa sababu kimbunga kikiangukia siku za bamvua bahari inapanda kuliko mlivyozoea. Mbuzi wafunguliwe kamba. Wengi hufa maji wakiwa wamefungwa, si kwa kushindwa kuogelea.

Upepo ukikatika ghafla katikati ya dhoruba, msitoke kukagua. Huenda ni jicho la kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili, ukikuta nyumba imeshalegea.

Vifaranga wanakufa kila mvua ikinyesha siku tatu mfululizo. Ni kideri? (Mfugaji, Nachingwea)

Tazama wanavyokufa. Wakikusanyika pembeni, manyoya yameloa, wanalia na kufa bila kuhara, ni baridi. Wakihara damu na mabawa yamening'inia, ni koksidiosisi, na chimbuko lake ni sakafu yenye unyevu. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, huua hata wakubwa kwa wingi: shingo inapinda, wanahara kijani, wanahema kwa shida.

Banda liinuliwe angalau sentimita 60 kutoka ardhini, sakafu ya fito zilizoachana kidogo. Upande upepo utokako uzibwe mpaka juu, wa pili uachwe wazi nusu. Wengi huziba pande zote kwa nailoni, hewa ya mkojo inajaa na kuku wanaanza kukoroma. Wasizidi watano au sita kwa mita ya mraba. Vifaranga chini ya wiki nne wakae ndani kwenye boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ibadilishwe inapopoa. Kwa koksidiosisi omba dawa ya amproliamu, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti, na pumba zote zilizoloa ziondolewe siku hiyo. Dawa bila kubadili sakafu ni fedha iliyotupwa.

Kideri hakina tiba. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kwa kuku wasioumwa tu, kila baada ya miezi mitatu. Ungana na majirani mchanje siku moja, kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi na banda moja lisilochanjwa linaambukiza kijiji.

Mvua ikizidi tunapikia chumbani kwa jiko la mkaa, mlango umefungwa. Watoto wanalala joto. (Dada, Masasi)

Dada, acha leo hii. Mkaa unatoa hewa isiyo na harufu wala moshi, inayoua mtu usingizini. Kichwa kuuma na kichefuchefu kwa watu wote wa nyumba kwa pamoja ndiyo dalili yake. Toka nje mara moja mkiisikia. Pikia barazani ukikinga upepo kwa bati au turubai, na jiko lisiingie chumbani hata likiwa majivu mekundu tu. Kuni zikaushwe kwenye uchaga juu ya mafiga, zikiwa zimepasuliwa, kwani gogo zima halikauki ndani. Maganda ya korosho msiyatumie jikoni. Mafuta yake yanaunguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua.

Ukuta wa udongo unaliwa chini kila masika. Tunakandika, unaanguka. (Mzee, Ruangwa)

Shikamoo mzee. Unaoliwa chini, futi moja au mbili za kwanza, hauliwi na mvua inayoupiga. Unaliwa na matone ya paa yanayorukia ukutani na maji yanayotuama kwenye msingi. Kukandika bila kuondoa hayo ni kazi ya kila mwaka. Chini ya ukingo wa paa chimbeni mfereji wa kina cha futi moja, ujazwe kokoto, uinamie upande mmoja na kutokea mbali na nyumba. Kokoto zinavunja tone lisirushe tope. Baraza liinuliwe inchi 6 na liinamie nje.

Mchanganyiko wa kukandikia upimwe ukutani kabla ya kazi. Pigeni viraka vitatu: udongo mfinyanzi na mchanga kwa uwiano wa 1 kwa 1, 1 kwa 2, na 1 kwa 3, vyote vikiwa na nyasi zilizokatwakatwa urefu wa kidole. Vikikauka, kilichopasuka kina udongo mwingi, kinachopukutika ukikisugua kina mchanga mwingi. Tumieni cha kati yao. Loweka mchanganyiko siku mbili au tatu, lowanisha ukuta, piga tabaka la kwanza jembamba na likwaruze, la pili likiwa la kwanza limekauka. Saruji tupu juu ya udongo isipigwe. Haishikani nao, inaziba unyevu ndani, na siku inapobanduka inaondoka na kipande cha ukuta.

Choo cha shimo kimejaa maji hadi juu. Tukivute? (Msomaji, Msimbati)

Kwenye mchanga wa pwani hayo ni maji ya chini yaliyopanda, mkiyavuta yatarudi usiku. Acheni kukitumia mpaka yashuke, na msinywe maji ya kisima kilicho karibu bila kuyachemsha. Choo kipya kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa bondeni. Kiinuliwe juu ya kichuguu cha udongo ulioshindiliwa, na shimo lisiwe refu. Kitako kibaki juu ya kimo cha maji ya masika. Mtoto akianza kuhara: maji yaliyochemshwa lita moja, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anyweshwe kidogokidogo mkielekea zahanati.

Nyoka wanaingia ndani siku za mvua. Akiuma tufunge kamba? (Mama, Tandahimba)

Msifunge kamba, msichanje, msinyonye, msipake kitu. Alaze mguu au mkono bila kuutikisa, ufungwe kwa ubao kama uliovunjika, avue pete na bangili kabla hajavimba, abebwe kwenda hospitali asitembee mwenyewe. Kumbukeni saa aliyoumwa na rangi ya nyoka. Msimbebe nyoka kwa ushahidi, maana kichwa cha aliyeuawa karibuni bado kinaweza kuuma.